Taa ya injini imewaka: msimbo unasema nini na hausemi nini

Toyota IST yangu, injini ya 1NZ, iliwasha taa ya injini asubuhi moja kwenye foleni ya Ubungo. Kufikia jioni nilikuwa nimeshanunua sensa ya oksijeni. Fundi alichomeka mashine, ikaandika P0171, naye akasema bila kuinua macho, "Oksijeni hiyo, kaka." Tukabadilisha, taa ikafutwa, nikarudi nyumbani napiga mluzi. Siku ya tatu ikawaka tena, msimbo uleule. Gereji ya pili wakasema sensa ya hewa. Hiyo nayo nikainunua, ya mtumba, Ilala. Wiki haikuisha, taa hiyo.

Tatizo lilikuja kuonekana kwenye kitu ambacho hakuna aliyekitaja, nitakieleza mbele. Kwanza kosa lenyewe. P0171 haisemi kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Inasema hewa imezidi mafuta kwenye injini. Sensa ndiyo iliyopeleka taarifa hiyo kwa kompyuta, ilikuwa inafanya kazi yake barabara, na sisi tukaing'oa. Ni kama kumfukuza mlinzi kwa sababu kapiga kelele za mwizi.

Mafundi wengi mtaani huita namba hizi "kodi". Mimi nitaandika msimbo, kwa sababu kodi tunazo za kutosha. Mifano yangu mingi ni ya Toyota za mtumba kutoka Japan (Vitz, IST, Premio, Probox, Raum), kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani kwetu na ndizo nilizochafuka nazo mikono.

Kabla hujachomeka chochote

Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usiwashe injini. Taa ya injini lazima iwepo kati yake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, taa imeungua au kuna mtu aliitoa. Wapo wanaouza gari wakiwa wameichomoa balbu, au wameunga waya wake kwenye waya wa taa ya oili ili zizime pamoja. Ukikagua gari la kununua, anzia hapo kabla hujafungua hata boneti.

Ikiwa imewaka bila kupepesa na gari linakwenda vizuri, una muda wa kufika nyumbani na kutafuta chanzo kwa utulivu. Ikiwa inapepesa huku gari linatetemeka, punguza mwendo na utafute pa kusimama. Hapo mafuta yasiyoungua yanamwagika kwenye bomba la moshi, yanafika kwenye masega (kile kisafisha moshi, catalytic converter) na kuyachoma. Taa nyekundu ya oili au ya joto ni habari nyingine kabisa: simama, zima, usijadiliane nayo.

Kitu cha pili ni betri. Watu hukiruka, halafu wanahangaika wiki nzima. Kwa mita ya kawaida, betri nzima iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6, na injini ikinguruma unatakiwa uone kati ya 13.5 na 14.7. Alternata ikichoka, au klempu ya betri ikiwa na ule unga wa kijani na nyeupe, kompyuta inaanza kulalamika kuhusu sensa tano kwa mpigo. Ukiona misimbo mingi isiyohusiana imetokea siku moja, usinunue hata moja ya hizo sensa. Safisha vichwa vya betri, kaza waya wa ethi unaoingia kwenye bodi na ule wa kwenye injini, futa, kisha uone ipi inarudi.

Kusoma msimbo

Soketi ya kupimia iko chini ya dashibodi upande wa dereva, ina matundu 16, umbo lake pana juu na jembamba chini. Kuwa na soketi hiyo hakumaanishi gari linazungumza lugha moja na kila kifaa. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II (wa gari kujipima na kutoa misimbo) kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, lakini magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japan yalifuata taratibu za kwao. Ndiyo maana unanunua kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachouzwa kwa jina la ELM327, unakichomeka kwenye Vitz ya 2003, simu inazunguka na kusema haioni gari. Kifaa kinaweza kuwa kizima. Peleka kwa fundi mwenye mashine inayoijua Toyota ya Japan, au tumia njia ya zamani ya waya.

Kwenye Toyota nyingi za kipindi hicho njia ya waya ni hii. Ufunguo ukiwa umezimwa, tafuta tundu namba 4 na namba 13. Ukiitazama soketi upande mpana ukiwa juu, safu ya juu inaanza na 1 kushoto hadi 8, ya chini inaanza na 9 kushoto hadi 16. Kwa hiyo 4 ni la nne juu, na 13 ni la tano chini. Yaunganishe kwa kipande kidogo cha waya. Usiguse namba 16, hiyo ni umeme wa betri moja kwa moja, na ukikosea utabahatika ukichoma fyuzi tu. Kisha geuza ufunguo bila kuwasha injini na uhesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa haraka haraka kwa mfululizo usiokatika, hakuna msimbo. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika kidogo, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. 31 ni kipimo cha hewa inayoingia, 41 ni sensa ya mkao wa throto (mlango wa hewa ya injini), 52 ni sensa ya kugonga, inayosikiliza injini ikigonga. Nimekaa chini ya usukani nikihesabu hivyo na karatasi gotini, jasho linadondoka. Inafanya kazi, ila haikupi undani.

Ukiwa na mashine utapata herufi na namba nne. P ni injini na giaboksi, C ni breki na uendeshaji, B ni bodi pamoja na mifuko ya hewa, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Namba ya kwanza ikiwa 0 msimbo ni wa magari yote, ikiwa 1 ni wa kampuni iliyotengeneza gari, kwa hiyo P1300 ya Toyota usiitafutie maana kwenye orodha ya Nissan.

Andika yote kwenye karatasi, au piga picha, kabla mtu hajagusa kitufe cha kufuta. Mashine nzuri huonyesha pia hali ya gari wakati kosa linatokea: joto la maji, mizunguko ya injini, mwendo. Msimbo uliotokea injini ikiwa na digrii 35 kwenye sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na uliotokea ukiwa na kilomita 100 kwa saa ni kesi mbili tofauti hata kama namba ni ileile. Ukifuta, taarifa hiyo imekwenda.

Na usifute kwa kuchomoa betri. Redio nyingi za Kijapani zenye skrini hujifunga umeme ukikatika, inatokea ERC na kudai namba ya siri, utaanza kutafuta kijana wa kuifungua. Kama huna mashine, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa dakika moja au mbili. Inatosha.

Gari linamisi, linatetemeka, halivuti

Misimbo: P0300 hadi P0304, au kwenye Toyota za zamani kidogo P1300, P1305, P1310 na P1315.

Namba ya mwisho ya P0301 hadi P0304 ni silinda. Silinda ya kwanza kwenye 1NZ ni ile ya upande wa mikanda. P0300 peke yake maana yake kompyuta inaona misi, yaani silinda kushindwa kuchoma mafuta, lakini haiwezi kuibana kwenye silinda moja, na hapo fikiria kitu kinachogusa zote: mafuta machafu, presha ndogo ya mafuta, hewa inayovuja.

Ukiwa na P0301, jaribio halihitaji hela. Chomoa koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya kwanza na ya tatu, zibadilishane, futa msimbo, endesha. Ukirudi na kukuta P0303, koili imehama na ugonjwa, nunua koili moja. Ukikuta bado P0301, rudia kwa plagi. Bado? Nozeli, ile inayopulizia mafuta. Bado tena? Pima kompresheni, na hapo unachoangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, siyo tu namba kubwa. Dakika ishirini za spana namba 10 zinakuokolea seti nzima ya koili. Bado nakutana na watu waliouziwa koili nne kwa sababu moja ilikufa.

Wakati koili iko mkononi, chungulia kwenye shimo la plagi kwa tochi. Ukiona oili imejaa, mipira ya mashimo hayo kwenye kifuniko cha valvu imechoka. Koili mpya ndani ya oili itakufa kama ya kwanza. Ukiona maji, uliza gari limeoshwa lini. Hili lipo sana kwetu: kijana wa kuoshea magari anafungua boneti na kupiga presha ya maji juu ya injini, inang'aa, na kesho yake linamisi. Kausha kwa hewa ya kompresa, plagi na mpira wa koili uvikaushe pia, mara nyingi inaishia hapo. Kama mpira au kauri ya plagi ina mstari mwembamba mweusi unaoshuka kama ufa, cheche imejipatia njia ya mkato. Hiyo haikaushiki, ibadilishe.

Plagi zenyewe, kuwa mwangalifu. Feki zenye maboksi mazuri zimejaa. Kwenye 1NZ uwazi wa plagi unaotakiwa ni karibu milimita 1.1. Nimewahi kufungua boksi la plagi nne, kila moja na uwazi wake.

Zile P1300 na wenzake zina maana finyu zaidi. Kompyuta huiamuru koili ipige, koili nayo hurudisha jibu kwamba imepiga. Jibu lisiporudi, kompyuta huandika P1300 kwa silinda ya kwanza, P1305 ya pili, na kuendelea. Kwa hiyo ni koili, soketi yake, au waya. Klipu za soketi hizo hukakamaa kwa joto na kuvunjika, soketi inabaki imekaa bila kushika. Isukume kwa kidole injini ikinguruma, utasikia. Misimbo yote minne ikitokea pamoja, koili nne hazifi siku moja. Tafuta waya wa pamoja.

Sailensi inapanda na kushuka, gari linazima ukikaribia taa za barabarani

Msimbo: P0171, wakati mwingine ukiambatana na P0300 au P0505.

Hapa ndipo nilipoliwa hela, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kompyuta hupima hewa inayoingia kwa sensa iliyo baada ya filta, inakadiria mafuta, kisha inauliza sensa ya oksijeni kama hesabu imekaa sawa. Isipokaa sawa inaongeza au kupunguza, na kiasi cha marekebisho hayo unaweza kukiona kwa mashine yako au simu yako. Kinaandikwa STFT, marekebisho ya papo hapo, na LTFT, yale ambayo kompyuta imeshayazoea. Yakiwa kati ya hasi 10 na chanya 10 kwa mia, poa. Yakifika chanya 20 na zaidi, kompyuta inamwaga mafuta ya ziada kufidia hewa isiyoijua, na muda si mrefu itaandika P0171.

Sasa angalia namba hizo katika hali mbili. Kwanza kwenye sailensi, kisha ukiwa umeshikilia mizunguko 2,500.

Zikiwa juu kwenye sailensi na kushuka unapokanyaga, hewa inavuja kuingia baada ya sensa. Sababu ni rahisi: tundu ni lilelile, lakini kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo kwa hiyo tundu ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na tundu linamezwa.

Zikiwa nzuri kwenye sailensi na kupanda unapokanyaga, injini inaomba mafuta hayaji, au sensa ya hewa inapima pungufu. Pampu, filta yake, sensa chafu.

Yangu ilisoma chanya 22 kwenye sailensi, na 7 kwenye 2,500. Jirani yangu mwenye simu na kifaa kilichokubali kuongea na gari ndiye aliyenionyesha, tumeegesha chini ya mwarobaini. Gereji zote mbili hakuna aliyeangalia namba hizo, walisoma msimbo wakaufuta. Tukachukua chupa ya kunyunyizia maji tukaanza kupulizia kidogo kidogo kwenye mabomba ya mpira, injini ikinguruma. Wengine hutumia dawa ya kusafishia kabureta, inajibu haraka zaidi, lakini hiyo hushika moto ikigusa bomba la moshi, na mimi gari langu nalipenda. Hatukuona kitu. Ndipo akasema niweke gia ya D nikanyage breki, yeye akashika lile bomba nene la mpira linalotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye throto. Injini ilipojikunja kidogo kwenye mipira yake, bomba likavutika, na chini yake, kwenye mikunjo ile inayofanana na kodiani, mpasuko wa urefu wa kidole ukafunguka kama mdomo. Gia ikirudi P, unajifunga. Juu bomba lilikuwa zima kabisa, linang'aa.

Tulilifunga kwa utepe wa fundi umeme hadi nikapata lingine. LTFT ikashuka yenyewe hadi chanya 3 baada ya siku mbili tatu za kuendesha.

Kwa hiyo kwa P0171 ya aina hiyo, fuatilia njia ya hewa kwa mkono, siyo kwa macho tu. Bomba hilo, vibomba vyembamba vya vakyumu, gasketi ya manifoldi, na kibomba kinachotoka kwenye kifuniko cha valvu. Angalia pia kama boksi la filta limefungwa klipu zote, na kama kijiti cha kupimia oili kimekaa sawasawa.

Kwa aina ya pili, anza na sensa ya hewa kwa sababu kuisafisha ni rahisi. Tumia dawa yake maalumu, puliza, acha ikauke. Usiiguse kwa pamba, usiipulize kwa kompresa, ule uzi wa ndani ni mwembamba kuliko unywele. Kwa injini ya lita 1.5, kwenye sailensi utegemee kuona karibu gramu 2 za hewa kwa sekunde. Ukichomoa soketi ya sensa hii ufunguo ukiwa umewashwa utapata pia msimbo wa joto la hewa, P0113 au P0110, kwa kuwa kipimo hicho kiko ndani yake. Wengi wamenunua sensa ya joto kwa sababu fundi alichomoa soketi wakati anasafisha filta.

Baada ya hapo pima presha ya mafuta kwa geji. 1NZ inataka kati ya kilopaskali 304 na 343. Pampu iko ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yenyewe, kwa hiyo sisi wa kuweka mafuta ya elfu kumi kumi, taa ya tangi ikiwaka kila siku, tunaipika taratibu.

Linakunywa mafuta, moshi unanuka petroli

Misimbo: P0172, P0115 au P0118, P0130, P0135.

Kabla ya kulaumu sensa yoyote, uliza kama themostati ipo. Ni desturi mbaya ya gereji zetu: gari likichemsha, fundi anaitoa na kuitupa, eti huku kwetu ni joto haihitajiki. Themostati ya 1NZ hufunguka kwenye digrii 80 hadi 84. Ikikosekana, maji yanazunguka rejeta muda wote, injini haifiki joto lake, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama vile ni asubuhi na ndiyo kwanza gari limewashwa. Mwenyeji wa Mbeya au Njombe atauona upesi kuliko wa Dar. Angalia joto la maji kwenye mashine baada ya dakika 15 za kuendesha. Likiwa chini ya 75, hapo hapo.

Joto likisoma hasi 40, usicheke. Hiyo ndiyo namba mashine huonyesha waya wa sensa ukikatika au soketi ikichomoka. Soketi ikiwa nzima, pima sensa kwa ohm: kwenye digrii 20 inatakiwa karibu kiloohm 2.5, na kwenye digrii 80 karibu 0.3. Ichovye kwenye kikombe cha maji ya moto uone namba inavyoporomoka. Isiposhuka, imekufa, na ni ya bei ndogo.

P0135 ni moja ya misimbo michache inayokaribia kutaja kifaa chenyewe. Ndani ya sensa ya oksijeni kuna hita, na kwa Toyota nyingi ukipima kati ya nyaya zake mbili zenye rangi moja utapata kati ya ohm 11 na 16 ikiwa baridi. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Lakini pima fyuzi kwanza. Ile sensa yangu ya zamani niliikuta kwenye mfuko wa rambo chini ya siti, nikaipima: ohm 13. Nzima kama siku ilipotoka Japan.

Linazima likipata moto, likipoa linawaka

Misimbo: P0335, P0340, au hakuna msimbo kabisa.

Sensa ya kranki ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza. Ndani yake kuna koili ya waya mwembamba, ikipata joto ufa unafunguka, mawimbi yanakatika, kompyuta haijui injini inazunguka na inakata mafuta na moto. Nusu saa barabarani, imepoa, linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukipiga starta wakati limegoma, tazama mshale wa mizunguko. Kwenye magari mengi ukilala sifuri bila kutikisika, mawimbi hayafiki. Sensa ya 1NZ, iliyo karibu na puli ya kranki chini, ikiwa baridi hupima takriban ohm 985 hadi 1,600. Tatizo ni kwamba baridi inaweza kupima vizuri. Ipime ikiwa imegoma, moto uleule, au mwagia maji kidogo ya baridi upande huo na uone kama linawaka.

Pampu ya mafuta pia huzimia kwa joto. Ila pampu humaliza pumzi taratibu, gari linakosa nguvu na kujivuta kabla ya kuzima. Kranki hukata kama swichi.

Zito mlimani

P0325 ni sensa ya kugonga. Kompyuta isipoisikia, inarudisha nyuma muda wa cheche ili kuilinda injini, na wewe unaonja matokeo unapopanda Kitonga nyuma ya lori na huwezi kulipita. Kwenye 1NZ imefungwa ubavuni mwa bloku chini ya manifoldi, na panya wanaupenda waya wake. Fuata waya kabla ya kufuata duka.

P0011, P0012 au P1349 ni VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka. Anza na oili. Injini hizi ziliundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, na bado kuna gereji zinamimina SAE 40 ya dumu. Oili nzito au iliyozeeka haipiti vizuri kwenye vijia vya valvu ya VVT, na chujio lake dogo linaziba kwa masizi. Badilisha oili, toa valvu hiyo uisafishe. Kwa umeme inatakiwa ipime ohm 6.9 hadi 7.9. Jaribio la gereji: injini ikiwa kwenye sailensi, ipe valvu volti 12 kwa sekunde moja. Injini ikiyumba au kuzima, valvu inafanya kazi. Isipojali kabisa, imeganda. P1346 ni jambo zito zaidi, huenda cheni ya taimingi imeruka jino au imelegea. Ukisikia na mlio wa cheni asubuhi, usiendelee kuendesha.

P0420

Masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Kwetu, swali la kwanza ni kama yapo. Yana platinamu, paladiamu na rodiamu, yana wanunuzi, na kuna magari yaliyoingia gereji kwa kubadilisha breki yakatoka na bomba tupu. Gonga kopo kwa kiganja likiwa baridi: likilia tupu kama debe, umejua. Kama yapo, tibu kwanza misi na kula oili, maana ndivyo vilivyoyaua, na mapya yatakufa vilevile.

Baada ya kurekebisha

Futa msimbo, kisha usimwamini mtu kwa kuwa taa imezimika hapo gereji. Misimbo mingi inahitaji kosa lionekane kwenye safari mbili mfululizo ndipo taa iwake. Ndiyo maana yangu ilisubiri siku ya tatu, na ndiyo maana fundi alikuwa na amani kabisa ananiaga. Endesha siku mbili, ukichanganya foleni na barabara ya wazi, acha gari lipoe usiku kati yake, kisha soma tena, hasa ile orodha ya misimbo inayosubiri ambayo bado haijawasha taa. Ikiwa tupu na LTFT imetulia, lipa kilichobaki.